Kwa Hesabu Yao, Dadaangu Alifaulu

Kila nikienda laivu hapakosi mtu wa kuuliza: "Kaka, kwani chuo uliacha kwa nini?" Nimejibu kwa utani mara nyingi. Nimesema ni TikTok, nimesema ni hesabu ngumu, siku moja nikasema nilifukuzwa na bahari ya Malindi. Leo nasema ukweli, na mwenyewe ameniruhusu. Ameisoma hii kabla yenu.

Karo yangu ya mwaka wa tatu ilienda kwa IVF ya dada.

Sikulazimishwa. Baba alituita sebuleni, akasema pesa ni hizi, mambo ni mawili, na yeye hawezi kuchagua. Nikachagua mimi. Nikasema chuo hakihami, lakini dada ana miaka 37. Mpaka leo sijuti kwamba tulitoa. Ninachojutia ni kwamba tulitoa bila kujua tunanunua nini. Na hilo ndilo nataka tuzungumze, hasa nyinyi wenye miaka 19, 20, 22 mnaosoma hii mkidhani ni mambo ya wazee.

Dada aliolewa na miaka 27. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu watu wakaanza kuhesabu kwa niaba yake. Alikunywa kombe, akasomewa, akapelekwa bara kwa mganga aliyemwambia kuna mwanamke mzee katika ukoo amemfunga. Sisi wa Kilifi twajua maneno kama hayo huishia wapi. Wazee wameuawa kaunti hii kwa kuitwa wachawi, na mara nyingine hadithi huanza hivyo hivyo: kuna mtu hazai, na lazima apatikane wa kulaumiwa.

Kisha zikaja kliniki. Kila kliniki ilimpima yeye. Miaka sita yuwapimwa yeye tu. Shemeji alikuwa akimpeleka na boda, anakaa nje, anangoja. Hakuna aliyemwambia, "Na wewe bwana, ingia."

Mwisho wakafika kwenye kliniki moja ya IVF, mbali na huku kwetu. Ukutani pana bango: picha ya mtoto mnono, na chini imeandikwa kufaulu ni asilimia 60. Huko ndiko walikopimwa wote wawili kwa mara ya kwanza. Majibu: dada mirija yote miwili imeziba. Shemeji, mbegu ni chache. Wote wawili! Na mavyaa alikuwa amemaliza miaka yote hiyo akitafutia mwanawe mke wa pili.

Baba aliuza tuktuk moja kati ya mbili. Mama akauza bangili. Duru ya kwanza ilikula zaidi ya laki nne ukijumlisha dawa, nauli na mahali pa kulala. Sindano siku kama kumi. Yakatolewa mayai saba. Matano ndiyo yaliyokomaa. Matatu yakashika mbegu. Viinitete viwili vikarudishwa tumboni. Baada ya wiki mbili akapima: mimba! Sijawahi kuona nyumba yetu ikilia kwa furaha namna ile. Wiki ya saba ikatoka.

Duru ya pili ndiyo ile ya karo yangu. Haikushika kabisa.

Sasa ngojeni niwaambie kitu kilichonifanya nikae usiku kucha nikisoma makala za utafiti, mimi niliyekuwa nikikimbia maktaba. Baada ya yote nilimpigia mtu wa ile kliniki, nikamuuliza kwa upole tu: ile asilimia 60 ya bangoni ni ya nini? Akanijibu ni ya waliopata mimba baada ya kurudishiwa kiinitete.

Someni tena. Ni ya waliopata mimba, si ya waliobeba mtoto. Na tena baada ya kurudishiwa, maana yake wale ambao mayai yao hayakushika mbegu, au viinitete vilikufa maabara kabla ya kurudishwa, hawamo kwenye hesabu. Kwa hesabu ya ile kliniki, duru ya kwanza ya dadaangu ni mafanikio. Yeye ni mmoja wa wale sitini. Alifaulu.

Sisemi walidanganya. Nasema walichagua hesabu tamu, na sisi hatukujua kuuliza hesabu nyingine.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mimi si adui wa IVF. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978, baada ya kazi ya miaka ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Wakati huo watu walisema atakuwa wa ajabu. Amekua, akaolewa, akazaa wanawe bila msaada wa maabara. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel 2010. Jirani zetu Uganda walipata mtoto wao wa kwanza wa IVF 2004, Kampala. Kenya tukafuata 2006, Nairobi, mikononi mwa daktari Joshua Noreh. Duniani sasa wamezaliwa zaidi ya milioni 10. Ni sayansi ya kweli, na wapo watu wanaosoma posti hii ambao walitungwa kwenye kisahani cha maabara na hawajaambiwa.

Lakini sayansi ya kweli huja na nambari zake za kweli, na nambari hizo zipo. Uingereza kuna mamlaka ya serikali, HFEA, inayosimamia kliniki zote tangu 1991 na kuchapisha matokeo yao. Ukisoma takwimu zao za miaka ya karibuni, mwanamke wa chini ya miaka 35 ana nafasi ya karibu theluthi moja ya kuzaa mtoto kwa kila kiinitete kinachorudishwa. Akiwa na 43 au 44, kwa mayai yake mwenyewe, ni kama tano katika kila mia. Na hiyo ni Uingereza, na ni kwa waliofika hatua ya kurudishiwa. Dada alikuwa na 36 na 37. Angeelezwa hivyo mapema, pengine bado angejaribu. Lakini angeingia akijua kwamba kushindwa ndilo jambo la kawaida, na kufaulu ndiyo bahati. Asingelala miezi mitatu akijiona mwili wake una laana ya pekee.

Afrika tuna mtandao unaoitwa ANARA unaokusanya takwimu za kliniki za bara letu. Kazi nzuri, ila kliniki hutuma kwa hiari yake. Hapa Kenya, Mbunge Millie Odhiambo alipeleka muswada wa mambo haya bungeni tangu 2014, na kwa zaidi ya miaka kumi umekuwa ukienda na kurudi kama feri ya Likoni. Wakati huo wote mabango yanaendelea kuchapishwa.

Kuna nyingine. Duru ya pili dada aliambiwa kuna huduma ya ziada: kukwaruza kidogo ukuta wa mfuko wa uzazi ili kiinitete kishike vizuri. Pesa zaidi, na maumivu zaidi. Tukalipa, nani atakataa? Baadaye nikakuta utafiti uliochapishwa 2019, ulioongozwa kutoka Auckland, Nyuzilandi, na kufanywa katika nchi tano. Wanawake 1,364 waligawanywa kwa bahati nasibu makundi mawili: wa kukwaruzwa na wa kutokwaruzwa. Waliozaa kundi la kwanza: asilimia 26.1. Waliozaa kundi la pili: asilimia 26.1. Hata nukta haikutofautiana! Utafiti huo ulikuwa umeshatoka kabla sisi hatujalipa. Yeyote mwenye simu angeupata. Hatukujua kwamba ni kitu cha kutafutwa.

Na nyinyi wa mitandaoni, nasi tuna makosa yetu. Mnakumbuka Novemba 2023, bibi wa miaka 70 aliyejifungua pacha Kampala? Sote tuliposti. Mimi pia niliposti, na nikaandika "umri ni nambari tu". Nilipata watazamaji wengi siku ile. Nilichoacha, na kilikuwa kwenye habari yenyewe, ni kwamba yai lilikuwa la mwanamke mwingine aliyejitolea. Mfuko wa uzazi unaweza kusubiri, mayai hayasubiri. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote na hayaongezwi. Kwa hiyo kama kuna dada aliyeiona posti yangu akajiambia ana muda mpaka 45, naomba radhi. Nilipata watazamaji kwa nusu ya habari.

Sasa tuje kwetu maboi. Katika karibu nusu ya ndoa zinazotafuta mtoto bila kupata, tatizo lipo upande wa mwanamume pia, ama peke yake ama pamoja na mke. Karibu nusu! Lakini neno "tasa" ulishasikia anaitwa mwanamume? Kipimo cha mbegu ndicho rahisi kuliko vyote. Hakuna kisu, hakuna sindano. Unaingia chumbani na kikopo, unatoka. Wanawake wanapigwa picha za mirija wakilia, sisi tunaogopa kikopo. Na hata mbegu zikiwa chache si mwisho: tangu 1992, watafiti wa Brussels walipoonyesha kwamba mbegu moja inaweza kudungwa ndani ya yai moja, wanaume wengi waliokuwa wamekata tamaa wamekuwa baba. Shemeji ni mtu mzuri, nampenda kama kaka. Lakini ile miaka sita ya kukaa nje kwenye boda ilikuwa na bei, na aliyeilipa ni dada.

Hapa ndipo nataka wale wadogo kabisa wasikize.

Mirija ya dada ilizibwa na nini? Daktari alisema dalili ni za maambukizi ya zamani. Dada anasema hakuwahi kuugua chochote, na namwamini. Klamidia ndivyo ilivyo. Wanawake wengi wanaoipata hawaoni dalili yoyote. Si kila aliyeipata mirija huziba, lakini ikikaa bila kutibiwa inaweza kupanda juu, kutia makovu na kufunga njia. Vivyo hivyo kisonono, na maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliofanywa chini ya Shirika la Afya Duniani, ukiuliza kama ugumba wa Afrika ni tofauti na wa kwingine. Jibu lilikuwa ndiyo: huku kwetu, kuliko sehemu nyingine za dunia, tatizo kubwa ni mirija iliyozibwa na maambukizi. Yaani kitu kinachozuilika.

Mtasema 1985 ni zamani. Haya, njooni nyumbani. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo kutoka hospitali ya Kilifi. Waliwapima wanawake wajawazito wapatao 200 waliokuja kliniki ya kawaida ya wajawazito. Mmoja kati ya watano alikuwa na angalau ugonjwa mmoja wa zinaa unaotibika. Klamidia peke yake: asilimia 14.9. Hao si watu waliokuja wakilalamika. Ni mama zetu, dada zetu, waliokuja kupimwa tumbo tu. Na utaratibu wa vituo vyetu vingi ni kutibu kwa dalili: ukisema unawashwa au unatokwa na uchafu, unapewa dawa. Usiposema kitu, unakwenda nyumbani nayo.

Wekeni hizo mbili mezani. Upande mmoja, kipimo cha mkojo au cha pamba, ambacho maabara ya binafsi ni elfu kadhaa (si bei ya mahamri, najua), na dawa za siku chache mkitibiwa wawili pamoja. Upande wa pili, tuktuk ya baba, bangili za mama, karo yangu, na bado hakuna mtoto. Hiyo ndiyo hesabu ambayo hakuna bango lililotuonyesha.

Tena nisisitize: asiyezaa si lazima awe aliugua zinaa. Kuna uvimbe, kuna homoni, kuna kifua kikuu cha mfuko wa uzazi, na kuna wanaopimwa kila kitu pasionekane kitu. Nikisikia mtu amechukua posti hii akaenda kumtukana jirani yake kwamba "kumbe ulikuwa malaya", amejionyesha yeye mwenyewe ni nani. Na klamidia unaweza kupewa na mume wako wa ndoa, mmoja tu, wa halali.

Wapo watakaosema, "Wewe una uchungu tu." Ndiyo, ninao. Uchungu hauifanyi hesabu kuwa ya uongo.

Wengine watasema hoja nzito zaidi: kaunti ambayo watoto bado wanakufa kwa malaria na njaa, ya nini kushughulika na wasiozaa? Nimelifikiria hili. Kilifi ina kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome tangu 1989. Chanjo za malaria ambazo dunia inazisifu zilijaribiwa hapa petu pia, kwa watoto wetu. Tangu 2000 wanasajili wanaozaliwa, wanaokufa na wanaohama katika jamii ya watu zaidi ya laki mbili. Najivunia sana. Lakini anayetafuta mtoto miaka tisa hana daftari linalomhesabu. Shirika la Afya Duniani lilisema 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumba maishani, na kwamba nchi maskini na nchi tajiri karibu ziko sawa. Kilicho tofauti ni nani anaweza kulipa. Na Katiba yetu, Kifungu cha 43, inataja afya ya uzazi kwa jina. Haijasema afya ya uzazi ni kuzuia mimba tu.

Wala si lazima iwe ghali milele. Genk, Ubelgiji, kuna watafiti waliotengeneza njia ya IVF isiyohitaji maabara ya mamilioni, na walipolinganisha 2014, viinitete vyao vilishika karibu sawa na vya maabara ya kawaida. Njia ipo. Kinachohitajika ni mtu wa kuiomba kwa sauti.

Basi mimi naomba mambo matatu. Serikali iamuru kila kliniki ichapishe watoto waliozaliwa, kwa umri wa mama, kwa kila walioanza. Kaunti yetu ilete kipimo cha klamidia kwenye vituo vya vijana, bure au kwa bei ya nauli, bila nesi wa kukuuliza "umeolewa?" Na sisi wenyewe, maboi na madem, tupime tukiwa na 20, tusingoje kuambiwa tukiwa na 36. Mpira si wa kuzuia mimba peke yake, waweza kuwa ndio unaokuwekea mimba ya kesho.

Na kama wewe au dada yako mnaelekea kwenye kliniki ya IVF, chukueni swali hili, liandikeni kwenye simu, mlisome neno kwa neno mbele ya daktari: "Katika wanawake mia wa umri wangu walioanza matibabu hapa kwa mayai yao, wangapi walirudi nyumbani na mtoto hai?" Akikujibu kwa asilimia ya mimba, uliza tena. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Dada hatajaribu mara ya tatu. Ameamua yeye, si pesa. Yeye na shemeji wangali pamoja, na Jumapili hii walikuwa Watamu wakila viazi karai kama wachumba. Nilipompa asome hii alinyamaza sana, kisha akaniambia nibadilishe kitu kimoja. Nilikuwa nimeandika kwamba alishindwa mara mbili. Akasema, "Andika tulijaribu mara mbili. Kushindwa ni kwa yule aliyejua na hakutuambia."